Kiatu cha Kushoto na Mtani wa Bibi

Nina miguu mikubwa. Nasema mapema ili baadaye nisiulizwe kwa nini msichana wa kidato cha nne anatafuta kiatu namba arobaini na tatu. Siku Mungu anagawa miguu, nadhani nilipanga foleni mara mbili. Nilipokwenda duka la viatu vya shule pale Kongwa, muuzaji alinitazama chini, akanitazama usoni, akarudi tena chini kama anahakiki.

"Dada, hiyo saizi ni ya kiume," akasema. "Tena ya wanaume wa jeshini."

Basi ukabaki mnada. Na haikuwa hiari, maana Jumatatu tulikuwa tunaanza mtihani wa majaribio, na mwalimu wa nidhamu alikuwa amenirudisha nyumbani mara mbili kwa kosa la kuja shule na kandambili. Mara ya pili alininong'oneza. Yule mwalimu akipiga kelele usiogope, ogopa akinong'ona. "Jumatatu bila kiatu cheusi cha ngozi, cha kamba," alisema, "mtihani utausikia kwa wenzako."

Mnada wetu ni wa mara moja kwa mwezi, kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi, upande mwingine mitumba, masufuria, mablanketi na dawa za minyoo zinazotangazwa kwa spika, mbele za watu wanaokula nyama choma. Nilikwenda na bibi, mama yake mama, ambaye ndiye naishi naye. Mimi nilikwenda kununua viatu. Bibi alikwenda kutukanwa.

Sitanii. Bibi ana mtani wake, bibi mmoja wa Kihehe anayekuja kila mnada na lori kutoka Kibakwe kuuza maharage. Sisi ni Wagogo, na Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi ambazo hata bibi hazijui. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukucheka kwenye msiba wako, hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho mpaka umkomboe kwa chochote, soda au kipande cha nyama. Wewe unaruhusiwa kumrudishia. Kitu kimoja tu huruhusiwi: kukasirika.

Tulimkuta ameketi juu ya gunia lake.

"Kamwene, ombaomba!" akapaza sauti kwa salamu ya Kihehe. "Leo umekuja na bakuli kubwa au dogo?"

"Nimekuja kutafuta mbwa wangu," bibi akajibu. "Alionekana mara ya mwisho akielekea Kibakwe. Hebu fungua mdomo nione meno."

Wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Mimi nikasimama pembeni natazama jua linavyopanda. Yule bibi akanigeukia. "Na huyu twiga ni wa mbuga gani?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Miguu hiyo unalipia ushuru?"

Siku nyingine ningemjibu, na ningemjibu vizuri, maana darasani mimi ndiye ninayetolewa nje kwa kujibu vizuri. Ila siku ile kichwani mwangu kulikuwa na kiatu tu. Nikamvuta bibi kanga. "Bibi, viatu vitaisha." Akasema, "Subiri, nimsalimie mwenzangu." Kumsalimia! Walikuwa wameshatukanana mpaka vizazi vya nyuma, kumbe hiyo ilikuwa hodi tu, salamu zenyewe bado. Ng'ombe hawajambo? Mvua huko je? Yule mwenye kifua anaendeleaje? Nikamwomba hela, nikaondoka peke yangu.

Dalali wa viatu alikuwa amesimama juu ya meza, jasho linamtiririka, kiatu kimoja mkononi. Namna yao ya kuuza iko hivi: jozi haikai pamoja. Cha kulia dalali anakinadi juu ya meza, cha kushoto kimo kwenye kiroba nyuma, anakilinda mke wake. Ukishinda unalipa, unapewa cha kulia, unakwenda nacho kwa mke, anakutafutia mwenzake. Hivyo hakuna mjanja wa kukimbia na jozi. Mwizi atafanya nini na kiatu kimoja?

Nilisimama pale mpaka nywele zikageuka rangi kwa vumbi. Vikapita vya kitoto, vikapita vya harusi, vikapita raba za kijani. Halafu akakiinua. Cheusi, ngozi, kamba, kirefu kama mtumbwi.

"Hiki siyo kiatu, ni ng'ombe mzima!" dalali akapiga kelele. "Elfu ishirini! Hakuna? Nashuka! Elfu kumi na tano! Wanaume wa hapa mna miguu ya kuku? Nashuka!"

"Kumi!" nikapiga kelele.

Watu wakageuka kunitafuta, kisha wakatafuta miguu yangu. Mzee mmoja akavua kofia kwa heshima. Dalali akasema, "Mpeni dada, amepatikana mwenyewe." Nililipa nikiwa nimekunja uso, maana kushinda mnada kwa sababu hakuna binadamu mwingine mwenye mguu kama wako si ushindi wa kujivunia.

Nikaenda nyuma kwa mke wa dalali, kiatu cha kulia mkononi.

"Cha kushoto nimeshampa bibi yako," akasema.

"Bibi yangu yuko kule kwenye maharage."

"Sasa hivi tu! Kasema wewe mrefu ni mjukuu wake, kanionyesha kwa kidole. Kakitia kwenye kikapu."

Nikarudi mbio. Bibi alikuwa peke yake kwenye gunia la mwenzake, anakula karanga. Nilipomweleza, alicheka mpaka karanga zikampalia.

"Mwizi wangu huyo! Amekuona unashinda, akakuwahi. Tulia. Anataka tumkomboe kwa nyama. Atakuja mwenyewe."

"Atakuja lini?"

"Akichoka."

"Bibi, Jumatatu nina mtihani."

"Leo ni Jumamosi."

Nilitamani kulala chini nipige miguu kama mtoto, na kwa miguu yangu vumbi lingefika Mpwapwa. Nikamwambia tumfuate. Akasema mtani hafuatwi, ukimfuata umeshindwa. Nikamwambia mimi nimekubali kushindwa. Akasema sijaulizwa mimi. Tukakaa. Karanga zikaisha. Maharage yote yalikuwa yameshauzwa, limebaki gunia tupu tulilokalia, na mwenyewe haonekani.

Ndipo lori la Kibakwe likapiga honi.

Nikasimama kwenye ncha za vidole, faida pekee ya urefu, nikamwona. Alikuwa ameshika ubavu wa lori, mguu mmoja juu ya tairi, kikapu kichwani, vijana wawili wanamsaidia kupanda. Lori linanguruma. Nikaiona Jumatatu yote: wenzangu wanaingia chumba cha mtihani, mimi nje na kiatu kimoja kama korongo.

Sikufikiri. Nilipiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo, mwenye kikapu, kaiba kiatu changu!"

Ukitaka kujua neno lenye mbio kuliko pikipiki, sema hilo mnadani. Watu waliacha nyama zao. Aliyekuwa anapima blanketi alikimbia nalo mabegani. Nilipofika kwenye lori nilikuta duara la watu, na katikati yake bibi yule, kitenge cha kichwani kimeanguka, nywele nyeupe ziko wazi. Kijana mmoja alikuwa amempokonya kikapu na kukimwaga chini. Vikatoka chumvi, sabuni, vidonge kwenye karatasi ya kaki, soksi ndogo za mtoto mchanga. Na kiatu changu. Nacho kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya kanga, kisichafuke.

"Si hiki hapa kiatu! Mwizi!" mtu akapiga kelele, na mwingine akaokota fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Bibi alipasua watu kwa viwiko. Sijawahi kumwona akikimbia. Akasimama mbele ya yule mwenzake, akanyoosha mikono.

"Nani mwizi? Huyu ni mtani wangu! Mhehe wangu huyu! Mtoto hajui utani, amechanganyikiwa na mtihani!"

Watu wakasita. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote. Mwenye fimbo akaitupa na kusema, "Aa, watani! Mnatuachisha nyama bure." Dakika mbili tu, wote wamerudi kula, kama vile hawakuwa wanakaribia kuua mtu.

Bibi wa Kibakwe hakucheka. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja. Nilipoinama kumsaidia alisema, "Acha, nitaweza." Akanipa kiatu kwa mikono miwili. "Nilikuwa naweka mzigo tu," akamwambia bibi, "ndiyo nishuke tule." Kisha akapandishwa, lori likaondoka.

Njia nzima bibi alitembea mbele yangu. Jioni aliniambia, "Vaa nione." Nikavaa. Vilinienea. Jumatatu nilipita getini nimeving'arisha kwa rangi, na mwalimu wa nidhamu hata hakunitazama. Alikuwa anamfukuza mwenzangu mmoja kwa sababu ya nywele. Mtihani nikafanya. Mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa wapi. Kitu kilikuwa changu, hela nililipa, lori lilikuwa linanguruma. Kila ninayemsimulia ananiambia, "Lakini mtani!" kana kwamba mtani ana hati miliki ya miguu yangu.

Mnada uliofuata bibi alinikabidhi jogoo. Faini ya kukasirika. Nilimbeba huku akinidonoa mkono, nikaandaa moyo wangu kwa matusi. Nilijua bibi wa Kibakwe atanimaliza: miguu, urefu, uombaomba, ukoo mzima. Nilikuwa hata nimetunga majibu matatu, yote makali.

Alikuwa palepale, juu ya gunia la maharage. Nikapiga goti, nikampa jogoo, nikasema, "Bibi, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Ahsante sana kwa jogoo. Mungu akubariki, wewe na bibi yako, mfaulu katika yote."

Nikasubiri matusi. Akampokea mteja, akaanza kumpimia maharage.

Nikarudi kwa bibi, aliyekuwa amesimama mbali kidogo anajifanya anachagua masufuria.

"Amesemaje?"

"Amenisamehe. Ametubariki, mimi na wewe."

Bibi akarudisha sufuria mezani. "Hajanitukana?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata ombaomba hajaniita?"

"Amesema tufaulu katika yote."

Bibi akakaa chini, palepale kwenye vumbi, kati ya masufuria. "Miaka yote hii," akasema, "yule mwanamke hajawahi kunibariki."