Joka Lililonguruma Vizuri

Naona haya, lakini nitasema. Katika nyumba ya video ya Kashebere nilikuwa mkosoaji mkuu, benchi ya mbele. Katuni yetu ya Kijapani ilikuwa tamu, ila joka likinguruma ungedhani kifuniko cha sufuria kimeanguka. Nililalamika kila siku. Wenzangu walinituliza: "Vumilia, Mwalimu, itakuya muzuri."

Jumamosi joka likafungua kinywa, na mabati juu yetu yakatetemeka. Nikasimama, nikawapigia makofi watengenezaji wa katuni: "Leo njo wamejifunza kazi!"

Nikageuka. Benchi zote zilikuwa tupu. Mama Kavira, mwenye video, alikuwa amelala chini ya meza.

"Mwalimu, lala chini! Ile iko bombe ya vita. Sauti ya televizyo nilishakata zamani!"