Sanduku la Sanda la Shangazi Mwanahawa

Wenzangu wa rika langu, tuliokulia Bagamoyo miaka ile ya foleni, hatuna haja ya kusimuliana sabuni ilivyokuwa ikikatwa. Mche mmoja uligawanywa nyumba nne kwa uzi wa kushonea, na aliyepata kipande cha mwisho alinung'unika siku mbili kwamba amepunjwa. Ikikosekana kabisa tulifulia majani ya mpapai, shati la shule likatoka safi lakini la kijani kwa mbali. Foleni ya duka la ushirika haikuwa ya watu. Ilikuwa ya mawe, kandambili na vikapu vilivyotoboka, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Vijana wa leo bando likiwaishia wanasema wameteseka. Nawaangalia tu.

Na bado tulicheza. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na kombolela mpaka adhana ya magharibi. Maji ya bahari yakipwa tuliteremka pwani kuokota kombe, tukarudi na matope mpaka mapajani, na mama akituuliza kama tumekwenda kucheza au kulima. Sitaki mnielewe vibaya, utoto ule ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu mpaka nilipofika darasa la sita.

Nyumba yetu ilikuwa ukuta kwa ukuta na ya shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Huyu ndiye aliyeosha maiti wa kike mtaani kwetu, na chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na majora mawili ya bafta nyeupe, udi, karafuu maiti na chupa ya marashi. Nguo ilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo wanawake wa mtaa walikuwa wamekubaliana. Aliyebahatika kupata bafta, dukani au kwa ndugu aliyetoka Unguja, alimpelekea shangazi. Akifa mtu, sanda ilitoka humo bila kuulizana, na wafiwa walirudisha walipojaliwa. Nilipomuuliza shangazi kwa nini bafta zile hatuzishoni magauni, alinijibu, "Hizi si zangu wala si zako, mwanangu. Zina wenyewe, na wenyewe hawajajijua."

Mwaka ule ulikuwa wa msako. Redio ilisema nchi inaliwa na walanguzi, na mgambo walipekua nyumba kwa nyumba. Watu wenye akili zao walitupa betri na vitenge baharini, na sisi watoto tuliviokota vikiwa vimeroa, tukacheka. Shuleni tuliimba nyimbo za kuwalaani wanaoficha bidhaa, tukipiga miguu chini kwa hamu. Asubuhi moja mwalimu wa siasa aliingia darasani akiwa ameshika skafu nyekundu, ya mwanafunzi atakayeongoza gwaride la shule. Akauliza ni nani mwenye uchungu na nchi yake, anayejua nyumba yenye vitu vingi kuliko mahitaji.

Nilinyoosha mkono. Miaka yote hii nimejitetea moyoni kwamba nilikuwa mtoto, na nilikuwa mtoto kweli. Lakini pia niliitaka ile skafu. Nikasimama nikasema shangazi yangu ana majora mawili ya bafta chini ya kitanda. Sikusema ni ya nini, na mwalimu hakuuliza. Alinifunga skafu shingoni mwenyewe, na darasa likapiga makofi.

Mgambo walikuja kesho yake baada ya alasiri. Walilitoa sanduku uani wakavunja kufuli, na majirani wote wakatoka kutazama. Shangazi aliwaeleza kwa adabu kwamba ni sanda, na kwamba yeye ni mtunzaji tu. Mkubwa wao akacheka. "Sanda? Kwani mmewapangia maiti wangapi mwaka huu?" Mmoja wao, kijana wa mtaa wa pili, akanitazama na skafu yangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Umefanya vizuri, mdogo wangu." Mama alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia, na wengine walisikia.

Shangazi alikaa ndani siku sita, akaachiwa bila kesi. Bafta haikurudi. Hatukuambiwa ilikokwenda, ingawa mke wa mmoja wa wakubwa alionekana na mapazia mapya meupe, na kila mtu akajifanya hakuyaona.

Haukupita mwezi, bibi yangu mzaa mama akafariki. Sanda ya mwanamke ni nguo tano. Walitafuta mji mzima, wakatuma mtu mpaka Kiwangwa kwa jamaa, hawakupata hata nguo moja. Bibi alizikwa na mashuka ya kitandani, na moja lilikuwa langu. Lilikuwa la maua. Mama alilifua mara tatu kwa majani ya mpapai akitaka maua yafifie, na hayakufifia. Nilimwona akilisugua huku machozi yanamtoka, nami nikasimama mlangoni nikingoja kipigo. Nilikingoja siku nyingi. Mama hakunigusa wala hakunigombeza, alinitengea chakula kama kawaida. Ila tangu hapo nikiingia chumbani walipo watu wazima, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya dagaa. "Nenda kacheze," mama alikuwa akiniambia, hata nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Si kwetu tu. Mtaa mzima ulianza kuwaogopa watoto wake. Mwanamke aliyekuwa anaazima chumvi ukutani kwa sauti alijifunza kunong'ona. Na lile sanduku halikujazwa tena, hata nguo zilipojaa madukani. Kila nyumba ilianza kuficha sanda yake na kutazama maiti wake yenyewe. Shangazi aliwafundisha kuosha mabinti wote wa ukoo, akianza na Zuhura, binti yake. Mimi hakuniita. Nilipothubutu kumuuliza, alinijibu bila hasira. "Mwosha akiona kitu juu ya maiti, anazikwa nacho. Wewe, mwanangu, huna kifua."

Na wale waliotusaka? Miaka michache tu baadaye biashara iliruhusiwa, na waliokuwa wakivunja kufuli za watu ndio waliokuwa wa kwanza kufungua maduka. Mwalimu wangu wa siasa alipanda vyeo mpaka akastaafu. Tunakutana msibani na harusini, nampa shikamoo, anaitikia marahaba na kuniuliza wajukuu. Hajawahi kusema neno. Hakuna ofisi iliyowahi kuwaita wanawake wa mtaa wetu na kuwaambia, samahani, tulikosea. Mwaka ule umefutwa, ila kwetu.

Mwaka jana mama alifariki. Nilipopigiwa simu niliambiwa ni ghafla. Zuhura, ambaye sasa ndiye mwosha, aliniruhusu niingie nimimine maji. Kumbe ndiyo siku aliyoamua nijue. Alipoufunua mkono wa kushoto wa mama niliona mishipa imevimba, ngozi imejaa alama za sindano kuanzia kiwiko. Nikauliza ni nini hiki. Wanawake wanne waliokuwamo wakainamisha vichwa, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nikafahamu kwamba wote walikuwa wanajua.

"Dada, ni figo," Zuhura akasema. "Mwaka mzima alikuwa anasafishwa damu Dar. Alitukataza tusikwambie."

Nilikuwa nimekwenda kumwona sikukuu zote mbili. Aliniambia amechoka kwa funga, mkono kaufunika kwa mtandio, akaniuliza habari za wanangu, akanicheka kwa kunenepa. Nami nikamwamini, kwa sababu mama yangu alijua kutunza jambo.

Wajukuu zangu wanapiga picha ugomvi wa wazazi wao na kuurusha mtandaoni, watu mia wakacheka, na jioni wote wanakula sahani moja. Wanadhani wakubwa zao walizaliwa wasiri. Zamani tulikula na majirani na hatukujua kunong'ona. Siku hizi kila kitu kinasemwa, na wanaosema wanasamehewa kabla ya chakula cha usiku. Nawaonea wivu, na wivu wenyewe unanikera. Mimi nilisema sentensi moja, nikiwa darasa la sita, kwa sababu mtu mzima aliniuliza.

Nyumba yangu iko Boko, kando kabisa ya barabara ya Bagamoyo, hatua chache kutoka kituoni. Mara mbili kila wiki, kwa mwaka mzima, mama alipita mbele ya mlango wangu akitoka Bagamoyo kwenda kusafishwa damu, na mara mbili akapita tena akirudi. Hakuteremka hata siku moja.