Kadi ya Marehemu

Marehemu aliazima kitabu mchana kweupe, na kadi nikaipokea mimi.

Msinicheke. Nilikuwa kidato cha tatu, najitolea maktaba ya shule. Kazi niliipenda kupita kiasi: kugundisha majalada, kugonga mihuri, kunusa vitabu vipya kama mwizi wa maandazi. Raha tupu.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Ukiazima, unaandika jina kwenye kadi iliyo nyuma ya kitabu, unaitumbukiza kwenye boksi. Mimi nazipanga baada ya vipindi.

Alhamisi moja nikatoa kadi, nikaisoma mara mbili.

Jina la rafiki yangu. Mwandiko wake uleule, wa kulalia kushoto. Tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma.

Alhamisi iliyofuata, tena. Kitabu kilekile cha hadithi kimerudishwa, kimeazimwa upya.

Mwalimu wa maktaba akanitazama juu ya miwani.

"Kuna mtu anatuchezea. Kata hilo jina kwenye daftari la waazimaji, na kitabu kikirudi, kifungie kabatini."

Alhamisi ya tatu nikajibanza nyuma ya rafu. Mlango ukafunguka.

Akaingia mama anayefagia madarasa. Mama mzazi wa marehemu.

Akatoa kitabu chini ya aproni, akachukua kadi, akaanza kuandika taratibu, herufi moja moja.

"Mama, kumbe ni wewe?"

Kalamu ikamponyoka.

"Usinisemee, mwanangu. Sijui kuandika kingine. Jina lake tu, nimelifuatisha kwenye madaftari yake."

"Sasa kitabu unakifanyia nini?"

"Alikuwa ananisomea kila jioni. Hiki kaniachia katikati. Nakifungua, nakitazama, basi."

Nililia, sifichi.

Jina sikulikata. Mwalimu akiuliza, nasema kitabu hakijarudi. Kila Alhamisi nikawa namsomea nyuma ya rafu, kuanzia pale marehemu alipokunja ukurasa.

"Hapo angecheka," ananiambia, anageukia kiti kilicho wazi. Wallahi nilihisi tuko watatu.

Tulipofika ukurasa wa mwisho, akaufunika kwa kiganja.

"Huo usinisomee. Nikishaujua mwisho, yeye atakuja kunisimulia nini?"

Akaandika kadi, akaondoka na kitabu.

Ndugu zangu, kabla hamjafuta jina la marehemu popote, ulizeni kwanza nani bado anamsubiri.