Shamba la Mwantumu Lililoitwa Mikoko

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida, Mwantumu binti Salumu aliteremka kwenye dungu mapema kama siku zote, akachochea moto, akabandika mhogo. Mumewe, mzee Amri, alikuwa bado juu, anatafuta kiatu kimoja. Dungu lao lilisimama kwa miguu mirefu katikati ya mpunga. Watu wa delta hukaa humo msimu mzima wakifukuza ndege na nguruwe. Wale wawili walikuwa wamezeeka humo.

"Kiatu kipo huku chini," Mwantumu alisema. "Kimekutangulia kuamka."

Amri akacheka kwa pua. Akashuka, akanawa, akakaa. Mwantumu akalitaja tena neno la kwenda Kibiti, mara ya tatu mwezi ule. Amri akautazama mkondo.

"Maji yanakupwa. Kesho kutwa, inshallah."

Mwantumu akageuza mhogo.

Shamba lilikuwa lake yeye, si la mumewe. Alilirithi kwa mama yake, Mwamini, ng'ambo ya mkondo nyuma ya safu ya michu, mikoko ya ukingoni, mwendo wa saa moja kwa mtumbwi kutoka kijijini Kiongoroni. Alianza kupandikiza mpunga hapo hajaota meno yote ya utu uzima. Shule hakwenda. Lakini kila mwaka, kabla ya kutia mche, alichota maji ya shambani kwa kiganja, akayaonja, akatema. Yakiwa na chumvi, anangoja mto ushuke na maji matamu. Majirani walingoja Mwantumu ateme. Akisema "bado," ni bado. Amri aliolewa na shamba lile, ndivyo walivyomtania ukweni, naye hakukasirika, maana lilimlisha yeye na binti yao Yasmin mpaka Yasmin akaolewa Umwe.

Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile ndipo alipokuja Remigius, kijana wa idara ya misitu, mtu wa bara, mpole, viatu vyake vipya. Mradi wake ulikuwa unachora ramani ya delta. Palipo na mpunga, wenyewe wataandikwa na kuachwa walime. Palipo na mikoko, patabaki msitu, hapalimwi. Alilisema hilo wazi, akalirudia.

Amri hakumwamini. Tangu ujana wake alijua jambo moja: ukimwonyesha mtu wa misitu shamba, umemwonyesha kosa lako.

Walimpakia kwenye mtumbwi, Amri mbele akisukuma kwa pondo, Mwantumu nyuma. Njiani Remigius akawaeleza kazi yake. Setilaiti imepiga picha kutoka juu. Yeye anachagua sehemu chache anazozijua kwa hakika, anaiambia kompyuta: huu mkoko, huu mpunga, hili tope, haya maji. Kompyuta inashika rangi za kila kundi, wastani wake na namna zinavyotawanyika. Halafu inachukua kila kidoti cha delta nzima na kupiga hesabu: hiki kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa cha kundi gani? Kinapelekwa huko.

"Kumbe ni kama wanaokuja kumtazama mtoto mchanga," Mwantumu alisema. "Pua ya baba, sikio la bibi."

"Hivyo hivyo, mama."

"Na ukiwaonyesha baba siye?"

Remigius alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Basi mtoto anapewa jirani, mama yangu!"

Wakafika mkabala na michu. "Na kule nyuma, mzee, kuna nini?"

Amri akanyoosha kidole. "Mikoko mitupu."

Mwantumu akasema, "Mwanangu, teremka ukakanyage."

"Maji yanatuacha, Mama Yasmin," Amri alisema bila kugeuka. "Tutakwama kwenye tope na mgeni wa watu."

Mke wa kule hamkosoi mumewe mbele ya mgeni. Mwantumu akaangalia maji. Remigius naye aliyaangalia, akaviangalia viatu vyake, akamwamini mzee. Akabonyeza kifaa chake. Mbele kidogo akauliza pengine, na pengine tena. Kidole cha Amri kilikuwa kimeshazoea. Mikoko. Mikoko.

Alidhani amelificha shamba la mkewe. Alilala vizuri siku ile.

Ramani ilirudi baada ya miezi saba. Mtendaji wa kijiji aliibandika ukutani, akasoma majina ya walioandikwa kulima. La Mwantumu halikuwamo. Wala la Habiba, mjane anayelea wajukuu wanne. Wala la Swalehe. Upande ule wote ulikuwa kijani kibichi, msitu. Mpunga uliokwisha kupandwa wavune, msimu ujao pasiguswe.

Habiba akasimama. "Mimi nimelima mikoko miaka thelathini, mbona inatoa wali?"

Watu wakacheka. Amri hakucheka. Mwantumu alikuwa ameinamia mkeka, anachomoa uzi mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo lilikuwa neno lake moja: nenda Kibiti, ofisini kwa Remigius, ukaseme. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbusha chumvi. Na Amri kila mara alikuwa na maji yake. Leo yanakupwa, leo bamvu, yamejaa mno, leo mtumbwi unavuja. Alimwogopa Remigius kidogo. Zaidi alimwogopa Habiba.

Kesho kutwa aliyoisema ilifika. Mwantumu aliamka kichwa kinamgonga, mdomo umekwenda upande. Amri akakimbilia mkondoni. Safari hii maji yalikuwa yamekupwa kweli. Mtumbwi umelala kwenye tope kama gogo. Swalehe na jirani mwingine, Ismaily, wakaja kuusukuma, wakazama mpaka mapajani. Wakangoja maji yajae.

Mwantumu hakungoja.

Ilipokwisha arobaini, Amri alikwenda Kibiti. Alipanda boti mpaka Nyamisati, akapanda gari, akafika ofisini na vumbi lake. Remigius akainuka.

"Shikamoo mzee. Karibu. Mama hajambo?"

"Tumemzika."

Remigius akakaa. Amri akasema aliyokuja kusema, akiwa amesimama. Kule nyuma ya michu ni mpunga. Palikuwa mpunga tangu mama yake Mwantumu. Yeye ndiye aliyesema uongo.

Kijana alifungua kompyuta, akaisogeza ramani mpaka nyuma ya michu. "Ndiyo maana," alisema mwisho. "Sampuli yangu ya mikoko ilikuwa na mpunga ndani. Wastani ukasogea, kundi likapanuka. Kila mpunga mbichi unaofanana na huo, kompyuta imeona una uwezekano mkubwa wa kuwa mkoko. Hata pointi za kuhakiki ni wewe uliyenipa, mzee. Zikasema ramani iko sawa."

"Inafutika?"

"Sampuli inafutika. Ramani imeshapelekwa. Msimu unaokuja umeshapotea, mzee wangu, hata nikifanyaje. Kwa msimu wa baada yake nitaichora upya na kuipeleka, siwezi kukuahidi watakubali. Ila safari hii nitakanyaga mwenyewe, kila shamba."

Amri akatikisa kichwa. Msimu mmoja. Kwa Habiba msimu mmoja ni wajukuu wanne. Angerudi amwambie kwa mdomo wake, kabla hajasikia kwa mwingine.

Remigius akatoa fomu. "Hapa napaswa kuandika nani ametoa taarifa. Nikuandike wewe?"

"Andika Mwantumu binti Salumu."

"Mzee, mama ni marehemu."

"Taarifa ni yake. Mimi nimeibeba tu, na nimechelewa nayo."

Remigius alishika kalamu bila kuandika. "Alisemaje hasa?"

Amri alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza. Maneno ya asubuhi ile ya kiatu, na mhogo motoni, alikuwa nayo yote. Akayasema polepole, kijana apate kuyaandika kama yalivyo:

"Baba Yasmin, wewe ulidanganya kwa shamba moja, mashine imewagawia uongo wako watu wote. Nenda ukaseme, urudi. Mhogo wako nitaufunika."