Mwalimu Mwanasiti na Shairi la Kompyuta

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Mwanasiti Mabruki alifundisha Kiswahili katika shule ya wasichana huko Riruta, Nairobi, akajulikana mtaa mzima kwa kalamu yake nyekundu. Mzaliwa wa Lamu, mkali wa vina na mizani. Msichana akipungukiwa na silabi moja tu, alama zilikatwa papo hapo.

Muhula wa pili mwaka 2006, Gerishon, mwalimu wa kompyuta, alichomeka karatasi yake katikati ya mashairi ya kidato cha tatu. Mwanasiti akaipa kumi na nane kwa ishirini, akaandika pembeni: "Hongera!"

"Mwalimu, usikasirike," Gerishon alimwambia akijikuna kisogo. "Hiyo shairi ni ya kompyuta. Niliilisha maneno na vina, ikatunga yenyewe."

Uso ulimwiva Mwanasiti kwa aibu. Kisha akaomba aonyeshwe. Akakaa mbele ya mashine saa nzima, nayo ikamtungia mashairi arubaini, yote sawasawa kama matofali.

Mwingine angelificha jambo hilo. Yeye kesho yake alilisoma shairi darasani, akasema wazi: "Hili limetungwa na kompyuta, nami lilinipiga chenga."

Wasichana wakaangua kicheko, isipokuwa Vidya, aliyezoea kuongoza darasa. "Sasa Mwalimu, kama kompyuta inaweza, sisi tunasomea nini?"

"Swali zuri! Basi kila mmoja atatunga lake, kisha asimame hapa tumuulize kwa nini kaandika hivyo."

Wiki iliyofuata Vidya alisoma shairi la nyanyake, fundi wa nguo wa Biashara Street, aliyefariki akiwa kazini. Mstari wa mwisho ulikuwa huu:

*Nyanya kashika sindano, uzi umekatika.*

"Kipande cha pili ni mizani saba!" mwenzake akadakia.

"Najua. Aliondoka kabla ya kumaliza. Ningeongeza ya nane, ningekuwa nadanganya."

Mwanasiti akachukua kalamu yake nyekundu. Akampa ishirini kwa ishirini, alama ambayo alikuwa hajawahi kumpa mtu.

Tangu hapo kuhesabu mizani kukawa kazi ya kompyuta ya Gerishon. Vipindi vya fasihi vikawa vya kuulizana: nani anasema, na ana nini moyoni? Mwalimu mkuu alinung'unika kuwa silabasi haisemi hivyo, mpaka siku alipoketi nyuma ya darasa, akasahau kutoka kengele ilipolia.

Mwaka uliofuata walimu wa Kiswahili walikutana mjini. Mwanasiti alisimama, Gerishon kando yake, akawasimulia jinsi mashine ilivyomshinda, na jinsi Vidya alivyojibu. Alisimulia kama mama anayesimulia harusi ya bintiye, bila kuficha hata ile "Hongera".