Mashine ya Mipigo na Mkono wa Mwaitu

Mimi nimepigwa na stima mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Natengeneza redio na televisheni kwenye kibanda hapa sokoni Tulia, na fundi akikuambia hajawahi kurushwa na waya, huyo si fundi, ni muuza kava za simu. Lakini mshtuko ninaotaka kuusimulia haukutoka kwenye waya wowote. Ulitoka kwa mama yangu, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mchana kweupe, na stima imepotea soko zima.

Mwaitu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu, alipatwa na kiharusi msimu wa kuvuna ndengu. Mdomo ulirudi. Mguu ukarudi, ingawa kwa kuburuta. Mkono wa kulia ndio uliokataa kabisa. Ukiuweka pajani, unaukuta palepale pajani jioni.

Na huo haukuwa mkono wa kushika kijiko tu. Mwaitu ni msusi wa viondo, vile vikapu vyetu vya katani. Nyuzi za katani huzisokota mwenyewe, akizivingirisha juu ya paja kwa kiganja cha kulia, sukuma, vuta, sukuma, vuta, huku anakusimulia mambo mengine kabisa. Kiondo alichokuwa akisuka siku alipoanguka kilibaki kimetundikwa kwenye msumari, nusu, nyuzi zinaning'inia. Shangazi yangu alijitolea kukimalizia, akaangaliwa kwa jicho ambalo sitaki kulieleza. Kwetu nyumbani kiondo cha mtu hakimaliziwi na mwingine. Kila mwanamke ana msokoto wake, na wenzake wakikigeuza tu wataona pale mkono ulipobadilika.

"Kiacheni," mwaitu alisema. "Kikioza, kioze na mimi."

Nilikasirika hata nikatoka nje. Nikikasirika mimi huosha vitu, basi siku hiyo niliosha hata sufuria safi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Kitui alikuwa ametueleza vizuri: mkono haujafa, umesahau. Akambandika mwaitu vitambaa viwili vyenye waya kutoka kwa kimashine kidogo, na kila kimashine kilipopiga, kidole kiliinuka. Nilikiona kwa macho yangu haya. Lakini akasema mashine ni ya kusaidia tu. Mwenyewe lazima ajaribu kuusogeza kila siku, hata usipotii. Hapo ndipo tuliposhindwa. Safari za Kitui zilimchosha mwaitu, na mazoezi ya nyumbani aliyakataa katakata. Nikimshika vidole, ananiambia, "Wewe, acha kusumbua maiti." Haki ya Mungu, huyu mama!

Basi siku moja nilikuwa mjini Wote, huko Makueni, natafuta spea kwa muuza vyuma chakavu. Chini ya mabati nikaona sanduku la chuma la kijivu, zito kama debe la ndengu. Alisema lilitoka kwenye zahanati ya zamani iliyokuwa inasafisha stoo. Nikafungua skrubu za nyuma, na ndani nikakuta valvu tatu, zile chupa za glasi zilizokuwa kwenye redio kabla transista haijazaliwa. Marehemu baba alinifundisha kazi kwa redio za namna hiyo. Nikafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa kidole, na nilipofika mwisho nilipiga ukelele. Ilikuwa mashine ya kutoa mipigo ya stima ya kuamsha misuli. Babu mzaa babu wa kile kimashine cha Kitui!

Nieleze kidogo, usije ukafikiri ni uganga. Valvu mbili za kwanza zinafanya kazi kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukishuka, wa yule uko juu. Kinachoamua zamu ni kapasita, kitu cha kuhifadhi stima, ambacho hujaa polepole kama mtungi chini ya mfereji wa Tulia, kisha humwagika mara moja. Nobu moja, kile kitufe cha kuzungusha, hufungua au hubana huo mfereji, na mipigo inakwenda haraka au polepole upendavyo. Nobu ya pili ni ya nguvu. Valvu ya tatu kazi yake ni kuubeba mpigo na kuupeleka nje kwenye vitambaa. Na mbele kuna kitaa chekundu ambacho hukonyeza kila mara valvu zile mbili zinapopokezana.

Kapasita zote zilikuwa zimevimba, nikazibadilisha. Nikampigia simu yule mtaalamu. Alinikaripia kwanza, nami nikamjibu vibaya, kisha tukatulia, akanieleza nguvu isipite wapi na vitambaa vikae wapi. Niliijaribu kwanza mkononi mwangu mwenyewe. Ndipo nikavilowesha vitambaa kwa maji ya chumvi na kumfunga mwaitu, kimoja karibu na kiwiko, kingine karibu na kifundo cha mkono. Valvu zikapata moto zikawa rangi ya kaa la moto. Kitaa kikakonyeza. Na vidole vya mwaitu, vile vidole vilivyokuwa vimeninyima usingizi, vikainuka!

"Aiya!" alipiga kelele. "Nani amenishika?"

Nilicheka, nikalia. Lakini yeye hakufurahi. Aliutazama mkono wake ukirukaruka kama wa mtu mwingine, akasema, "Hiyo ni mashine inasogea. Si mimi." Kila jioni alikubali kufungwa ili nisipige kelele, na akawa anaangalia ukutani mpaka niizime.

Sasa kina mama wa kanisa. Alhamisi moja walikuja kumwombea, sita au saba, na mwenyekiti wao mbele, mama mwenye mwili na sauti. "Bwana asifiwe!" Nikawapa viti. Mwaitu alikuwa ameshafungwa kwenye mashine na nguvu nilikuwa nimeipandisha kiasi, maana ngozi yake ilikuwa kavu. Nikasema waniachie nimalize kwanza. Nani alisikia? Wakati uleule mbuzi wa jirani akawa anakula nguo zangu kwenye kamba, nikatoka mbio kumfukuza.

Nilisikia haleluya nikiwa nje, na haikuwa haleluya ya kawaida. Ilikuwa inakatikakatika. "Hale... ui! ...luya! Ui!" Nikarudi ndani. Wameshikana mikono kumzunguka mwaitu, macho yamefumbwa, na wote wanaruka pamoja! Mwenyekiti, kwa kutaka kuushika mkono wa mgonjwa, amekamata kile kitambaa cha maji cha kwenye kifundo, wa mwisho upande wa pili amekamata cha kwenye kiwiko, na vitambaa vimeshamchomoka mwaitu viko viganjani mwao. Stima ilikuwa inatembea kutoka mama hadi mama, inazunguka kama sahani ya sadaka.

"Ameshuka!" mwenyekiti analia. "Roho ameshuka, msiachane mikono!"

"Achaneni!" nikapiga yowe. "Achaneni, ni stima!"

Nikachomoa plagi. Mwenyekiti akaanguka nyuma kwenye kochi, waya ukiwa umemzunguka, na mashine ikafuata, puu, sakafuni. Nilisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya watu waliookoka. Wao hawakunijali. Walitoka wanaimba, na Jumapili ushuhuda ukatolewa kwamba nguvu zilipita chumbani kwetu na kila mmoja alizisikia mpaka kwenye kiwiko. Ni kweli walizisikia! Nilikuwa nimechacha kwa hasira. Mimi nilehemu waya mpaka macho yanitoke, halafu sifa zichukuliwe na kwaya.

Walipoondoka niliinua mashine, nikaiwasha. Valvu zote zikawaka. Kitaa kikakonyeza kama kawaida. Asante Mungu, nikasema, imepona. Nikamfunga mwaitu tena. Kitaa kikakonyeza, kikakonyeza, kidole hakikufanya kitu. Nikaongeza nguvu. Bado. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu, kwa sababu mwaitu alinitazama, kisha akageuka akakitazama kitaa.

Na kidole cha shahada kikainuka. Kidogo sana, tena kwa kuchelewa, lakini kiliinuka.

"Ndiyo hiyo!" nikaruka. "Umeona? Imechoka tu kwa kuanguka."

"Nimeona," alisema.

Kuanzia siku hiyo mambo yalibadilika, na mimi na ufundi wangu wote nikawa na jibu kwa kila kitu. Kidole kikichelewa nyuma ya kitaa, nasema waya umelegea. Mwaitu akitoka jasho, nasema nguvu imezidi, napunguza. Alipoacha kuangalia ukutani akawa anakikodolea kile kitaa kama paka anayevizia panya, nikasema amekizoea. Tena sasa ni yeye aliyeniita: "Mashine yangu iko wapi?" Kidole kimoja kikawa viwili, halafu kiganja kizima kikaanza kusukuma mbele na kurudi. Nikiongeza mwendo, kinaongeza. Nikipunguza, kinapunguza. Nilijigamba sokoni mpaka watu wakanichoka. Nilimwambia hata mwenyekiti wa kina mama kwamba hiyo ndiyo inaitwa sayansi.

Halafu ikaja hiyo siku ya stima kupotea. Nilikuwa nimemfungia mwaitu mashine mchana kwa sababu kibanda kilikuwa hakina kazi. Tunaongea juu ya mvua ya Kyuso, kwamba ndugu yake huko amepanda na sisi huku hatujaona hata wingu. Mwendo niliuweka wa pole, na kiganja kinasukuma pajani, kinarudi, kinasukuma, kinarudi. Mara redio ya jirani ikanyamaza, feni ikasimama. Nikaangalia mashine. Kitaa kimezimika. Valvu zinapoa.

Mkono wa mwaitu ulikuwa bado unakwenda.

Alikuwa amenigeukia, yuko katikati ya hadithi ya ndugu yake, na mkono unasukuma pajani na kurudi, kwa mwendo uleule. Mwili wangu wote ulikufa ganzi. Nimeshawahi kushika waya wa televisheni wenye moto, nikatupwa ukutani, na sikusikia nilichosikia pale. Nilinyoosha kidole tu kuelekea kwenye kitaa. Mwaitu akaangalia, na mkono ukasimama.

"Eh," alisema. "Imezima lini?"

Niliketi sakafuni mpaka stima iliporudi. Iliporudi nikamfungua vitambaa, nikajifunga mimi, nikawasha. Kitaa kikakonyeza. Nikapandisha nguvu mpaka mwisho wa nobu. Mkononi mwangu hakukuwa na kitu, hata kuwashwa kama kwa siafu mmoja. Valvu ya tatu, ile ya kubeba mpigo nje, ilikuwa inawaka bure.

"Mwaitu, hii mashine imekufa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kina mama waiangushe."

"Na mkono? Nani alikuwa anausogeza?"

Aliniangalia kama ananiona mjinga, na pengine nilikuwa. "Ulikuwa umelipenda hilo sanduku," alisema. "Uliponifunga siku ile na kidole kikakataa, uso wako ulikuwa kama siku ya kumzika baba yako. Nikasema, huyu mtoto nitamuua. Basi nikakiinua. Wee! Nilisikia kama nainua mawe ya kisima. Nikasema, kesho nitamwambia. Kesho ukaja unacheka, nikakiinua tena."

Nilijifunika uso kwa kitambaa kile cha maji ya chumvi. Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananitibu.

"Unalia nini sasa?" alisema. "Nishushie kile kiondo. Na hiyo mashine usizime."

"Mwaitu, haina kitu!"

"Ina taa. Mkono wangu umezoea kufuata taa." Akapandisha leso mpaka paja likawa wazi, akaweka nyuzi mbili za katani juu yake, akaweka kiganja juu ya nyuzi. "Punguza mwendo kidogo. Leo nataka kusokota."

Nikashika nobu, nikapunguza.