Filamu Iliyotukuta Edani

Tangu asubuhi ile sikuwa na utulivu. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilibandika chai nikaisahau mpaka ikakaukia sufuriani. Nikafungua msahafu nisome kurasa zangu za kila siku, nikajikuta narudia aya ile ile bila kujua nimefika wapi. Wanawake ninaowasomesha barazani kwangu nilikwisha kuwaambia wasije. Sababu yenyewe ni kwamba yule dada wa filamu alikuwa amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Filamu imekamilika, alisema, anakuja kutuonyesha kabla haijatoka, na kitu chochote mwanangu atakachotaka kiondolewe, kitaondolewa.

Mwanangu alikuwa edani. Mumewe alikuwa amefariki, naye alikuwa amehamia chumbani kwangu, hana wanja wala manukato, hatoki ila kwa dharura, kama sheria inavyotaka. Mwanamke wa hali hiyo wazee wetu walimwita kizuka. Nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa kwangu na si mahali pengine, lakini shukrani haikunizuia kumchungulia kila saa kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Filamu haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya zile za maisha halisi ya watu, wenyewe huziita dokumentari. Kamera inakaa nyumbani kwako, mkipika inatazama, mkigombana inatazama. Mkwe wangu aliugua figo. Mara kadhaa kwa wiki alipanda basi alfajiri kwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine, akirudi jioni amekuwa kama nguo iliyokamuliwa. Huko ndiko alikokutana na yule dada, ambaye aliomba kumfuata nyumbani na kamera yake. Mimi sikutaka. Nilimwambia mkwe wangu kwamba mgonjwa husitiriwa.

Akacheka. "Mama, kwa mashuka yale ya hospitali yaliyo wazi mgongoni, sitara gani iliyobaki? Waache waje. Huenda yuko mtu Vigwaza anaumwa kama mimi na anadhani amerogwa."

Nikamwachia. Mwenye mwili alikuwa yeye.

Basi siku hiyo yule dada akaja, na nyuma yake mpiga picha, mwanamume.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzio abaki barazani."

"Najua, bibi. Nimemwambia hata akikohoa akohoe kwa adabu."

Tukaingia chumbani sisi watatu, tukakaa kitandani, kompyuta tukaiweka juu ya kigoda. Sauti ya marehemu ilipotoka, mwanangu alijiziba mdomo kwa kiganja. Sikujua nimtazame yeye au nitazame filamu. Nilisimama, nikafunga dirisha, nikakaa, nikalifungua tena.

Nilichoogopa mimi ni mwili wa mkwe wangu kuonekana mbele za watu, ule mkono uliotunatuna mishipa kwa sindano. Ulionekana, na haukuniuma kama nilivyodhani. Kulikuwa na kipande yuko nyuma ya nyumba, amejificha, ananyonya barafu. Wagonjwa wa figo hupimiwa maji, hawanywi watakavyo, na joto la kwetu mnalijua. Mwanangu anamkuta, anamfokea: "Mtu mzima unaiba barafu! Na hiyo iliyoko mfukoni je?" Mfuko wa shati ulikuwa umelowa. Mwanangu aliyekuwa kitandani alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakabaki machozi tu.

Kikafuata kipande cha dafu.

Watu wa pwani hii hatuendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na cha kumpelekea mgonjwa kabla ya chochote ni dafu. Ndivyo tulivyolelewa. Dafu husafisha, dafu hurudisha nguvu, hata mtoto mchanga hupewa. Mama mzazi wa marehemu alikuwa ametoka kwao Fukayosi na madafu ya mnazi wake mwenyewe. Kamera inamwonyesha anavyokata moja kwa panga dogo, anampa mwanawe, naye analishika kwa mikono miwili, anakunywa. Mama anamfuta kidevu kwa upindo wa kanga. Baada ya hapo daktari anazungumza. Anasema figo zikishakufa, maji ya dafu ni hatari, yana madini yanayojaa kwenye damu na kuusimamisha moyo. Picha inayofuata ni mikeka ya matanga.

Hakuna aliyetamka kwamba mama amemuua mwanawe. Ila nani angetazama picha tatu hizo zilizofuatana asiseme hivyo?

"Rudisha," mwanangu akasema. Akatazama tena. "Hicho kitoe."

Yule dada aliinamisha kichwa. "Nitakitoa, dada, neno langu ni lile lile. Ila nikwambie kwa nini nimekiweka. Kote nilikopita na kamera hii nimekuta madafu chini ya vitanda vya wagonjwa wa figo. Wanaletewa kwa upendo. Nikikitoa, kuna mama mwingine kesho."

"Na mama huyu? Akienda gulioni atapita wapi?"

"Sijui."

Wakanigeukia. "Mama, wewe ndiye uliyesoma," mwanangu akasema.

Nimesoma, ndiyo. Najua malipo ya anayemsitiri mwenzake, na najua dhambi ya anayeona shimo akawaacha watu watumbukie. Nimeyasomesha yote mawili, kila moja kwa siku yake. Siku ile yalikuja pamoja. Nikasema nakwenda kutawadha, na udhu wangu nilikuwa nao. Nikawa nazunguka uani, nashika ndoo naiacha, naomba Mungu anifungulie, nikasikia hodi.

Alikuwa mama mzazi wa marehemu. Ndugu walimwambia filamu imeletwa, akapata lifti, akaja na mfuko wa mihogo mkononi.

"Nimekuja kumwona mwanangu," akasema. Hakusema filamu.

Kwa mlango upi ungemzuia mama? Nikamwingiza chumbani. Akamkumbatia mkwewe, akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, na yule dada akaianza filamu upya huku akinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Yule mama aliitikia kila neno la mwanawe kana kwamba anazungumza naye. Kipande cha dafu kilipofika alipiga makofi.

"Mmeona alivyolikausha! Wiki nzima alikuwa hali kitu, kwangu akanywa mpaka tone la mwisho. Hii ndiyo picha nzuri kuliko zote. Hii msiitoe, nawaombeni."

Yule dada akabonyeza, filamu ikasimama kabla daktari hajafungua mdomo.

"Mbona umezima?"

Nilitaka kusema karibu chai. Ndiyo, ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuligusa neno lile, na lau si mwanangu ningelisema.

"Mama," mwanangu akamwambia, "kuna maneno ya daktari yanafuata. Nataka uyasikie kwangu kwanza." Akamshika mikono, akamweleza, polepole, kama anavyotolewa mtu mwiba. Kisha akasema: "Na mimi nilimkatia kabla yako. Alipoanza kuumwa, bado hatujafika hospitali, nilimpa asubuhi na jioni. Sikujua. Siku uliyokuja wewe nilikuwa nimeshajua. Nilitoka dukani nikakuta dafu tupu kando ya mkeka, nikanyamaza, maana ulikuwa umefurahi sana."

Yule mama alitazama ile picha iliyosimama, mwanawe na dafu mdomoni.

Nikasema neno ninalowaambia wote wenye msiba, kwamba ajali, siku ya kufa aliyoandikiwa mtu, haitangulii wala haichelewi.

"Nalijua, dada," akanijibu bila kugeuka. "Imani hiyo ninayo. Lakini mkono ni wangu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Ulinyamaza kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, mama."

"Usininyamazie tena. Hata kwa jambo kubwa kuliko hili." Akamwambia yule dada: "Washa. Nimsikie huyo daktari."

Akamsikiliza mpaka mwisho. Mikeka ya matanga ikaja, akajiona mwenyewe amekaa juu yake, ikapita.

"Basi iache kama ilivyo," akasema. "Ila usiniweke hapo nimekaa kama jiwe, watu wanisemee wao. Mimi siko edani. Mwenzio yuko nje na kamera yake. Nitasema mwenyewe."

"Mama, si lazima," mwanangu akasema.

"Wewe kaa na eda yako."

Barazani mpiga picha alimwekea kiti. Mimi nilisimama mlangoni, mwanangu nyuma ya pazia akiwa amenishika nguo kwa ndani. Yule mama alijifunga kanga vizuri kichwani, akauliza atazame wapi, akaonyeshwa. Akasema: "Mimi ni mama yake. Nilimletea dafu kwa mapenzi, kama mama zetu walivyotufundisha. Maradhi haya hayataki dafu. Wenye wagonjwa, muulizeni daktari kwanza."

Mpiga picha alikuna shingo. "Samahani sana, mama. Bodaboda imepita hapo katikati, sauti imeharibika. Tunaomba urudie."

Unamwomba vipi mama arudie neno kama hilo, kama mtu anayeuliza tena bei ya samaki? Nilikwisha kunyanyua mguu nimfukuze, kamera na kila kitu. Mwanangu akanivuta nguo.

"Narudia," yule mama akasema.

Akakaa sawa. Safari hii hakuuliza atazame wapi. "Mimi ni mama yake. Nilimnywesha dafu kwa mkono huu." Akauinua, akauacha hivyo hivyo juu. "Sikujua. Sasa najua, na wewe unayenitazama unajua. Ukimpelekea wako, usiseme hukuambiwa."

Yule dada alisahau kumwambia kwamba amemaliza.

Filamu haijatoka hadi ninapoandika haya. Siku nyingine namwomba Mungu waione wengi, siku nyingine naomba wa Fukayosi isiwafikie, nami najua dua zangu mbili hizo zinagombana. Ila jioni ile, kabla hajaondoka, yule mama aliwauliza watatumia kauli ipi kati ya mbili alizosema. Yule dada akaanza kumweleza kwamba wataona, kwamba sauti ya kwanza inaweza kusafishwa kidogo.

"Hapana," akasema, akichukua mfuko wake mtupu. "Mtumie ya pili."